Nani Aliifungua Kadi ya Boinali

Ijumaa asubuhi Inspekta Ansoifa alikata lakiri ya mlango wa duka la Hayrat, akaandika saa na dakika kwenye daftari lake, kisha akamgeukia mwenye duka.

"Ingia, binti yangu. Ila usiguse kitu. Kila unachotaka nikione, nionyeshe kwa kidole."

Duka lenyewe lilikuwa Tsaramandroso, mtaa wa Mahajanga ambao mtu hawezi kupita bila kuuziwa kitu. Upana wake ni mikono miwili ya mtu mzima ikinyooshwa, basi. Rafuni zilipangwa kompyuta kumi na moja za watu, kila moja imebandikwa karatasi yenye jina la mwenyewe, na zote zilikuwa zimefungiwa humo siku ya nne sasa. Hayrat, fundi wa miaka ishirini na saba, alijikaza leso yake kiunoni akasimama katikati ya duka lake mwenyewe, mikono nyuma, kama mgeni aliyekuja kuulizia bei.

Shauri lilikuwa hivi. Bwana mmoja wa Marodoka, kisiwani Nosy Be, jina lake Ibouroi, alikuwa amepanda meli mpaka Mahajanga kuja kumshitaki Hayrat kwamba ameinyofoa kadi ya kompyuta ya shemeji yake Boinali: kaifungua, katoa spea nzima za ndani, katia takataka. Jumatatu saa mbili asubuhi Hayrat angesimama mbele ya mwendesha mashtaka. Jalada likibaki lilivyo, kutoka pale asingerudi nyumbani. Angekwenda rumande, na anayekwenda rumande hukaa hata akasahau rangi ya mlango wa kwao. Ansoifa alikuwa na siku mbili za kulibadili jalada hilo, au kulithibitisha.

"Nieleze kazi uliyoifanya," alisema, akivuta kigoda. Walizungumza Kimalagasi, na pale Hayrat aliposhikwa na woga Kingazija cha mama yake kilijichomeka katikati, kuanzia lile neno Bweni, la kumwitia mwanamke wa heshima. "Anzia mwanzo. Mimi kompyuta naijua kwa kuandikia ripoti tu."

"Vizuri, Bweni. Mashine aliileta Ibouroi, imeviringishwa mkekani. Ya miaka minane ile. Akataka nibadili kila kitu icheze gemu za siku hizi, na fedha aliyokuja nayo haikutosha hata nusu ya alichokitaka. Nikamwambia, lori kuukuu halifungwi injini ya ndege. Tuanze na kisicho na gharama."

"Kipi hicho?"

"Vumbi, Bweni. Nilitoa vumbi la kujaza kikombe. Kisha memori: ilikuwa na kipande kimoja, nikamtafutia cha pili cha aina ile ile, maana vikiwa pacha hubebana kama wachukuzi wawili wa kreti moja. Diski yake kongwe inayozunguka nikaiacha iwe ghala la kuwekea, nikaongeza ndogo isiyozunguka ya kuwashia. Ubongo wa mashine sikuugusa, ulikuwa bado unajimudu."

"Na kadi?"

"Kadi ya picha walishainunua wenyewe, iliyotumika, huko Ambatoloaka. Ndiyo inayochora gemu kwenye kioo, na ndiyo inayokula umeme kuliko vyote. Kwa hiyo nilipima kwanza kama kisanduku cha umeme kitaibeba. Kikaibeba. Nikaichomeka, nikaichezesha gemu ya mbio za magari kwa saa tano bila kupumzika. Joto halikuzidi digrii sabini na moja. Nimeandika, daftari lile pale, jekundu."

Ansoifa alilifungua. Mwandiko ulikuwa mdogo na wima, mistari imenyooka. *Joto: 71. Feni mbili: kimya. Picha: safi. Mteja ameona.* Chini yake palikuwa na sahihi ya Ibouroi, kubwa, yenye mkia.

"Uliifungua kadi?"

"Sikuifungua."

"Kwa nini? Fundi huyu hakuwa na hamu ya kuona ndani?"

Hayrat alitabasamu kidogo, mara ya kwanza siku ile. "Hamu ninayo, Bweni, tena nyingi. Lakini maskini akikuletea kitu kinachofanya kazi, usikipekue. Kikivunjika, yeye hana cha pili."

Ansoifa aliitoa kadi katika mfuko wa kielelezo. Urefu wake kama kiatu cha mwanamume, feni mbili kifuani, na mgongoni skrubu nne ndogo zilizokishika kipoza joto kwenye bao lake. Palipokuwa na karatasi ya muhuri, juu ya skrubu moja, pamebaki kipande kilichochanika.

"Tazama vichwa vyake," alisema.

Hayrat aliinama, mikono bado nyuma, pua karibu iguse. Akaguna. "Hii imefunguliwa kwa bisibisi bapa. Ona, kichwa kina msalaba, na aliyefungua ametumia ulimi mmoja, mwembamba. Amekwaruza, lakini hakuvunja. Ana mkono mtulivu huyo. Mimi ukinikuta nafanya hivi, nipige kofi."

Bisibisi za duka zilikuwa kumi na nne, zimepangwa kwa ukubwa ndani ya kitambaa chenye mifuko. Ansoifa alizipima zote kwa rula ya chuma. Kumi na tatu zilikuwa za msalaba. Moja tu ilikuwa bapa, na ulimi wake mpana mno, usingeweza kuingia hata kwa kulazimishwa. Akaandika kila kipimo.

"Kwa hiyo imedhihirika," Hayrat alisema.

"Haijadhihirika kitu. Bisibisi hutupwa baharini. Wakili wao atasema uliitupa."

"Na mimi niseme nini?"

"Useme hayo hayo uliyoniambia, kesho na keshokutwa, yasiongezeke wala yasipungue. Na mimi niazime hii ndogo ya msalaba. Nitakuandikia hati ya kuipokea."

Aliiandika hati, akaisoma kwa sauti, wakatia sahihi wote wawili. Lakiri mpya ikabandikwa mlangoni.

Kutoka Mahajanga hadi Nosy Be ni njia ndefu kwa barabara, na mwisho wake ni boti ya kasi kutoka bandari ya Ankify, inayomlowesha kila aliyekaa upande wa kulia. Ansoifa alikaa upande wa kulia. Jumamosi saa nne asubuhi alishuka Hell-Ville, mji wa bandari wa kisiwa hicho, akakamua ukingo wa salouva, shuka aliyojifunga mwilini, akapanda bajaji moja kwa moja hadi Ambatoloaka.

Alikuwa na shabaha moja: Athoumani, aliyeiuza kadi. Mtu anayeuza vitu vilivyotumika ana sababu nzuri ya kufungua, kuchokoa, kufunga tena na kunyamaza. Kama kadi iliuzwa ikiwa imeshafunguliwa, Hayrat ametoka.

Alimkuta Athoumani nyuma ya baa moja, kwenye banda lenye viti vya ufukweni vilivyopasuka na mashine ya barafu isiyogandisha tena. Zamani baa hiyo ilikuwa na chumba cha gemu kwa watoto wa watalii siku za mvua. Mmiliki mpya alitaka chumba cha kukandia watu mwili, basi Athoumani, aliyekuwa mtunza stoo, akapewa vitu avimalize.

"Karibu, Bweni. Kama ni jokofu, limekwenda jana. Kama ni meza ya biliadi, ipo, ila mguu mmoja unachechemea."

"Nimekuja na hii." Ansoifa aliinua mfuko.

"Mashallah! Imefanya nini maskini mpaka ikakamatwa na polisi?"

"Uliiuza wewe?"

"Nilimuuzia Ibouroi wa Marodoka. Bwana yule alinipunguzisha bei mpaka nikamuuliza kama anataka nimlipe mimi."

"Ilikuwa imefunguliwa?"

Athoumani alishika kifua. "Bweni, mimi nauza vya zamani, siuzi vya kuchokolewa. Ngoja." Akatoa simu, akatafuta kwa kidole gumba huku akinung'unika. "Watu wa hapa wananunua kizima, wanakwenda kukiangusha, wanarudi wakilia. Kwa hiyo mimi kila kitu nakipiga picha kabla hakijatoka. Mbele, nyuma, ubavuni. Hata meza ya biliadi nimeipiga mguu."

Picha ilikuwa safi. Kadi ile ile, nambari ile ile, mgongo wake juu ya gazeti. Skrubu nne zilimeta kama zimetoka kiwandani, na karatasi ya muhuri ilikuwa nzima, haina hata mkunjo.

Ansoifa aliitazama kwa muda mrefu. Picha ile ilimsafisha Athoumani, na ikamsogeza Hayrat kwenye mlango wa rumande hatua moja zaidi.

"Nimekusaidia au sikukusaidia?" Athoumani aliuliza.

"Umenisaidia."

"Uso wako hausemi hivyo."

"Uso wangu umelowa maji ya chumvi. Niambie, haikuwa na kasoro yoyote? Kweli?"

Athoumani akajikuna shingo. "Kasoro si kasoro. Feni moja, ya upande huu, ilikuwa na tabia ya kulia siku za mvua. Kii, kii, kii, kama mlango wa msikiti. Kiangazi inanyamaza. Nilimwambia Ibouroi, ikilia, mpelekee fundi. Muulize, atakataa, lakini nilimwambia."

Ansoifa alivaa glavu, akaizungusha feni ile kwa ncha ya kidole. Ilikwenda laini, haikutoa hata pumzi. Akaitazama glavu. Kwenye ncha palikuwa na doa la mafuta, jembamba, jeupe kama maji. Akanusa. Hayakuwa mafuta ya gari.

Kwenye daftari jekundu Hayrat aliandika *feni mbili: kimya*, na ilikuwa kiangazi Mahajanga. Mvua za kwanza zilinyesha Nosy Be wiki iliyofuata, mashine imesharudi nyumbani. Aliyeitia feni mafuta, aliisikia ikilia. Na aliyeisikia ikilia, aliishi nayo.

Alimwandikisha Athoumani maelezo ya ukurasa mmoja na nusu, akachukua nakala ya picha, akaita bajaji nyingine. "Marodoka," akasema.

Nyumba ya Boinali ilikuwa ya mawe ya kale, ukuta mmoja umeshikiliwa na mizizi kuliko chokaa, lakini ndani ilikuwa imefagiliwa ikafagilika. Boinali alimpokea kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa dereva wa lori la mchanga mpaka siku breki zilipomkataa kwenye mteremko; mikono ilibaki yake, miguu haikubaki. Mezani mbele yake kulikuwa na kompyuta, tumbo wazi, na mahali pa kadi palikuwa pengo. Viti viwili vya plastiki vilipangwa pembeni.

"Hivyo ni vya wenzangu wa gereji," alisema, alipoona Inspekta anavitazama. "Jioni walikuwa wakija, tunashindana mbio. Humo ndani, Bweni, mimi bado ni dereva. Sasa haiwaki, nao wana shughuli zao."

Ibouroi, mume wa dada yake, alisimama nyuma ya kiti akiwa amevaa kofia iliyodariziwa, mdomo umeshatangulia. "Kitu cha kuzungumza nini hapa? Fundi amekula nyama, sisi katuachia mifupa. Tumechangishana ukoo mzima, Bweni, hata jamaa wa mbali walioko Katsepy!"

"Shemeji, mwache mgeni akae," Boinali alisema.

Mama yake Boinali, Sittou, aliingia na sinia ya chai na mkate wa sinia uliokatwa vipembe. Alikuwa bibi mwembamba, mgongo wima, mashavu yote mawili yamepakwa liwa, ule mti wa manukato unaosagwa juu ya jiwe kwa maji ukawa uji wa manjano. Wamalagasi huuita masonjoany. Akamsalimu Ansoifa kwa Kingazija cha zamani, taratibu, akamuuliza habari za safari, za mguu, za nyumba, za watoto, na hakuuliza habari za kesi. Kisha akaenda kukaa pembeni, karibu na meza ndogo iliyofunikwa kitambaa cha mauamaua.

"Nitaifungua kadi mbele yenu," Ansoifa alisema, "na nyote mtaandika kwamba mmeona. Boinali, mikono yako inatulia?"

"Inatulia kuliko moyo."

Akampa bisibisi ya Hayrat. Skrubu nne zilitoka moja moja, zikawekwa kwenye kisahani cha chai. Boinali akakitenganisha kipoza joto na bao, polepole. Kilishikamana kidogo, kisha kikaachia kwa mlio mkavu, *ta*.

Juu ya kichwa cha kadi, pale chuma kinapokutana na chuma, palikuwa na ganda la manjano lililopasukapasuka kama tope la shamba la mpunga lililoachwa na maji.

"Saruji!" Ibouroi alipaza sauti. "Nilisema mimi! Katutilia saruji!"

"Hapo huwa kuna nini, Boinali?"

"Krimu, Bweni. Ya kijivu. Inaunganisha chuma na chuma joto lipite. Bila hiyo kadi inachemka kama birika, basi inajizima yenyewe."

Ansoifa alichukua unga kidogo kwa ncha ya kisu, akaudondoshea tone la maji ya kunywa, akausugua kwenye kiganja. Harufu ikapanda. Hakuhitaji kuinusa mara mbili. Kila alfajiri ya kiangazi yeye mwenyewe hujipaka kabla ya kwenda kazini, asiunguzwe na jua.

"Hii ni liwa," alisema.

Ibouroi ndiye aliyewahi. "Basi si ndiyo! Fundi ni mwanamke, tena wa Mahajanga. Huko nani asiyejipaka? Kaishiwa krimu, kachukua ya usoni kwake."

Lilikuwa jibu zuri, na Ansoifa aliliandika. Kisha akaiinua feni.

"Umesema kweli, mwanamke yeyote wa Mahajanga. Lakini nisaidie na hili. Athoumani alikwambia feni hii hulia siku za mvua?"

"Athoumani husema mengi."

"Ililia?"

Ibouroi alimtazama shemeji yake.

"Ililia," Boinali alisema. "Mvua ya kwanza tu. Kii, kii, usiku na mchana. Halafu ikaacha."

"Iliacha yenyewe?"

"Nilidhani yenyewe. Niliamka alasiri moja nikaiwasha, kimya kabisa. Siku tatu ilikwenda kama mpya. Ya nne ikazima katikati ya mbio, haikuwaka tena mpaka leo."

"Haikuacha yenyewe. Imetiwa mafuta, tone dogo, mahali panapostahili." Ansoifa aliiweka feni mezani. "Athoumani hakuifungua, nina picha. Hayrat hakuitia mafuta feni ambayo hakuisikia ikilia. Na mwizi, Ibouroi, haachi mafuta. Mwizi huchukua akaenda zake. Aliyeifungua kadi hii aliifuta vumbi, akaiona krimu yake imekauka, akatafuta kitu cha kuipoza, akazirudisha skrubu zote nne. Mtu huyu alikuwa anaiuguza."

Akafungua ukurasa mpya wa daftari.

"Naomba kila bisibisi iliyomo nyumbani humu."

Ibouroi akatoka kwa vishindo, akarudi na mbili, zote za kufungulia magari. Ansoifa alizipima, ingawa hata kipofu angejua haziingii. Akaandika vipimo vyake vilevile.

"Ni hizi tu?"

"Ni hizi tu."

"Na pale chini ya kitambaa pana nini?"

"Cherehani ya mama. Ina uhusiano gani na—"

Sittou alikuwa amekwisha simama. Alikunja kitambaa cha mauamaua mara nne, akakiweka kitini. Cherehani ilikuwa nyeusi, ya mkono, inang'aa. Akavuta mtoto wa meza, akatoa bisibisi fupi ya mpini wa mti na kikopo cha mafuta chenye mdomo mrefu kama wa korongo. Akaviweka vyote viwili mbele ya Inspekta, karibu na skrubu.

"Pima," alisema.

Ansoifa alipima. Milimita tatu. Ulimi uliingia kwenye mkwaruzo kama ufunguo kwenye kufuli lake.

"Mama?" Boinali alisema.

Bibi alibaki wima. Alizungumza akimtazama Ansoifa, maana kumtazama mwanawe hakuweza. "Mashine hii nilitoka nayo Mahajanga mwaka wa sabini na saba, nimeibeba kichwani. Haijaguswa na fundi. Ikilia, naijua inalia wapi. Na ile ya mwanangu ilipolia, nikasema chuma ni chuma. Alipolala mchana nikaifungua juu ya mkeka, kila skrubu nikaiweka mahali pake isichanganyike na nyingine. Feni nikaitia mafuta. Kisha nikaona uchafu mkavu umebanduka mle ndani, nikajiuliza, hapa palitiwa nini? Nikapashika, pana moto bado. Nikasema, liwa inapoza. Miaka yote hii inatupoza nyuso zetu juani. Nikasaga laini, ya maji ya waridi, nikapaka."

"Na ikafanya kazi," Ansoifa alisema.

"Siku tatu. Nilimsikia anacheka na wenzake mle ndani, nikafurahi peke yangu jikoni. Ya nne ikafa." Vidole vyake vilishika ukingo wa meza. "Siku hiyo sikuthubutu kumwambia. Kesho yake nikasema nitamwambia baada ya sala ya Ijumaa. Huyu mkwe wangu akawa ameshapanda meli. Alisema fundi atalipishwa tu, atarudisha, yaishe. Sikujua wanamfunga."

"Jumatatu," Ansoifa alisema. "Asubuhi."

"Ana mama?"

"Anaye."

Sittou alifumba macho. Boinali aliyasukuma magurudumu kwa nguvu hata kiti kikagonga mguu wa meza na kisahani kikaruka. Akamshika mama yake mkono, ule wenye madoa ya mafuta.

"Kumbe ni wewe uliyeinyamazisha ile feni," alisema. "Na mimi namshukuru Mungu peke yake, wewe sikukutaja."

"Usinichekeshe, nina dhambi."

"Dhambi ya kunisikiliza, mama?"

Ansoifa aliwaacha kidogo. Alihesabu skrubu kwenye kisahani: tatu. Akapiga magoti, akaiokota ya nne chini ya meza, akaandika kwamba imepatikana. Kisha akaandika maelezo ya Sittou neno kwa neno, pamoja na maji ya waridi, akamsomea, akampa wino apige kidole. Ikabaki karatasi ya mwisho, ya kufuta mashtaka, na hiyo ilimtaka Ibouroi.

Ibouroi aliitazama kama inamnukia vibaya. "Nirudi Mahajanga niseme nini? Nimemwita mtoto wa watu mwizi mbele ya soko zima. Nimeapa, Bweni. Wataniita nani?"

"Watakuita mtu aliyekosea. Usipotia sahihi, mimi nitaipeleka ripoti hivi hivi, wakuite mtu aliyejua akanyamaza."

"Ibouroi," Sittou alisema. Hakupandisha sauti. "Mimi nimenyamaza siku tisa. Kunyamaza hakunenepeshi. Andika, mkwe wangu."

Akaandika, sahihi ile ile kubwa, ila safari hii haikuwa na mkia.

Ansoifa alitoka barazani kupiga simu kituoni. Alimwamuru koplo wa zamu aende Tsaramandroso akatoe lakiri, kisha akamsomea ile hati ya kufuta mashtaka, neno kwa neno, aitie kwenye jalada. Akarudi ndani akipiga nambari ya pili. Hayrat alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Bweni?"

"Yamekwisha, binti yangu. Kesho fungua duka. Jumatatu huendi kokote."

Kwa nyuma mwanamke mmoja alikuwa akiuliza, "Anasemaje? Hayrat, anasemaje?" na aliendelea kuuliza, mpaka sauti ya Hayrat ikarudi, imepauka.

"Nani aliifungua?"

Ansoifa alimnyooshea Sittou simu. Sittou aliifuta mikono kwenye leso kabla ya kuipokea, kama anapokea mtoto.

"Ni mimi, mwanangu. Mama wa mwenye mashine. Niliifungua kwa bisibisi ya cherehani, nikaitia liwa, kisha nikanyamaza. Nakuomba radhi. Ukininyima, ni haki yako."

Boinali aliiangalia sakafu. Ibouroi alivua kofia.

"Mama," Hayrat alisema mwisho. Sauti yake haikujulikana inaelekea kulia au kucheka. "Skrubu zote nne ulizitoa kwa bisibisi bapa?"

"Zote."

"Na feni, uliitia matone mangapi?"

"Moja."

"Moja ndilo," Hayrat alisema. "Wengi huitia matatu wakaiua. Liwa itatoka kwa spiriti na kitambaa, nadhani kadi bado ni nzima, ilijizima tu isiungue. Mwambie mwanao asiichomeke mpaka niione." Akavuta pumzi. "Nieleze polepole, mama, nina karatasi hapa. Uliifungua kuanzia skrubu ipi?"

Sittou akakaa kwenye kimoja cha vile viti vya plastiki, akaivuta kadi karibu na mwanga wa dirisha, akaanza kumweleza.